Mjukuu wa Miaka Miwili Amekuja: Mchezeshe Nini?

Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu hakai na mchezo mmoja muda mrefu. Dakika tano ni nyingi, kumi ni bahati. Babu na bibi wasiolijua hilo hununua vichezeo vingi, wakavimwaga sakafuni vyote kwa pamoja, kisha wakashangaa mtoto anapoviacha na kwenda kufungua kabati la sufuria. Hajakosa adabu. Umri huo mtoto anataka vitu wanavyovitumia watu wazima, anataka kuvitoa na kuvirudisha, na anataka kufanya hivyo mara ishirini. Ukimpa nafasi hiyo, umemaliza nusu ya kazi ya kumchezesha.

Kabla ya mchezo wowote, kagua nyumba ukiwa chini. Piga magoti au kaa sakafuni uangalie kile atakachokiona yeye. Nyumba ya wazee ina hatari zake ambazo wazazi wa mtoto wamezisahau: vidonge vya presha na vya kisukari vilivyo mezani, kwenye mkoba wa mgeni au chini ya mto. Kile kisanduku cha kupangia dawa za wiki hakimzuii mtoto hata kidogo. Hukifungua kwa dakika moja. Kiweke juu, tena ndani ya kabati linalofungwa. Betri bapa ndogo za saa, rimoti na mashine za kusaidia kusikia ni mbaya kuliko zinavyoonekana, maana ikikwama kooni huunguza nyama ya ndani kwa saa chache tu. Ukishuku kwamba amemeza moja, nenda hospitali papo hapo, usingoje dalili. Chai ya moto isikae ukingoni mwa meza, na kitambaa cha meza kinachoning'inia kiondolewe, kwa sababu atakivuta.

Kuhusu vitu vya kumkaba, chukua kile kigogo cha karatasi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Chochote kinachopenya ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Saa ya kwanza haihitaji mchezo. Mtoto aliyekuwa akicheka nawe kwenye simu anaweza kukukimbia akikuona ana kwa ana, na wengi wa umri huu hung'ang'ania mama au baba hadi wazoee. Usimnyakue wala usimlazimishe kukubusu. Kaa chini au kwenye kigoda, ili uso wako usiwe juu sana yake, kisha anza kufanya jambo bila kumwita: toa vifuniko kimoja kimoja kwenye boksi, virudishe, vitoe tena. Usimkazie macho. Mara nyingi udadisi humleta mwenyewe, na akifika, mpe kifuniko kimoja mkononi bila maneno mengi.

Mchezo wa maji ndio ninaoupa nafasi ya kwanza. Tandika taulo kubwa sakafuni au nje kivulini, weka juu yake beseni mbili pana. Moja itie maji vuguvugu, kina cha sentimita tatu au nne tu, ukiyapima kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Nyingine iache tupu. Mpe vitu viwili vya kuanzia, kikombe cha plastiki na sponji. Akianza kuchoka ongeza chujio, na baadaye chupa yenye shingo nyembamba. Ukivileta vyote mara moja atavirusha, kwa sababu hajui aanze na kipi.

Ile beseni tupu ina kazi kubwa. Malalamiko ya kawaida ni kwamba mtoto anamwaga maji nje. Anamwaga kwa sababu anachunguza maji yanakwenda wapi, na kama hana mahali pa kumimina, sakafu ndiyo mahali pake. Ukimwekea beseni ya pili atahamisha maji kutoka hii kwenda ile, kwa kikombe kwanza, halafu kwa sponji. Kukamua sponji kunataka nguvu ya vidole, ndiyo maana kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni mchezo kamili na kwa wa miaka mitatu ni kazi rahisi. Atayanywa pia, kwa hiyo yawe safi na bila sabuni. Yakipoa, acha. Muda wote uwe karibu kiasi cha kumgusa: maji ya sentimita tano yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, na huzama kimya, bila kelele za kukushtua. Simu ikilia, mbebe uende naye au iache ilie. Mkimaliza, mwaga maji hapo hapo na kausha sakafu, maana anayeteleza na kuvunjika nyonga huwa ni mzee, si mtoto.

Ukiwa na ukuta wa nje au sakafu ya saruji, mpe kindoo kidogo cha maji na brashi ya kupakia rangi yenye upana wa sentimita tano hivi. Apake. Saruji inageuka nyeusi, jua linaikausha, anapaka tena. Hakuna cha kufua wala cha kusugua baadaye.

Kazi za nyumbani nazo ni michezo, mradi usitarajie kazi yenyewe ifanyike vizuri. Wa mwaka mmoja na nusu anaweza kukupokeza nguo moja moja kutoka kwenye kapu ukianika. Wa miaka miwili anaweza kutafuta soksi inayofanana na uliyoshika, lakini mtolee jozi tatu tu zenye rangi zilizo mbali, si rundo zima la nyeusi. Kufuta meza kwa kitambaa chenye unyevu humpendeza kila mtoto. Kitambaa kiwe kidogo, cha kutosha kiganja chake, kwa kuwa kikubwa humzidi nguvu. Usimpe maharage au nafaka kavu kuhamisha kutoka bakuli hadi bakuli, ingawa watu wengi hupendekeza hivyo. Punje huingia puani au sikioni, na maharage yakipata unyevu huvimba humo.

Badala yake mtengenezee kopo la kudumbukiza. Tafuta kopo pana la plastiki lenye kifuniko laini, la bati liache kwa sababu ya makali. Kusanya vifuniko kumi vya mitungi, vyenye upana usiopungua sentimita tano. Kwenye kifuniko cha kopo kata mwanya mrefu kuliko upana wa vifuniko hivyo kwa nusu sentimita, na mpana kiasi cha kupitisha unene wake kwa wepesi. Wengi hukata mwanya mwembamba mno. Kifuniko kinakwama, mtoto anakasirika na mchezo umekufa. Sugua kingo kwa msasa. Mara ya kwanza mwonyeshe kimoja polepole, kisha unyamaze. Sauti ya kifuniko kikigonga chini ndiyo tuzo yake. Vikiisha, fungua, mwaga, aanze upya. Kwa mtoto wa miaka miwili kata mwanya wa pili ulioelekea upande mwingine, ili alazimike kugeuza mkono.

Unga wa kuchezea ufinyange mwenyewe: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia, na robo tatu ya kikombe cha maji vuguvugu. Changanya vikavu kwanza, tia mafuta, halafu maji kidogo kidogo, ukande dakika tano hadi saba. Ukinata vidoleni, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Ukipasukapasuka, lowesha viganja uendelee kukanda, usimimine maji, maana utajikuta na uji. Hukaa siku kadhaa kwenye chombo kinachofunga vizuri ndani ya friji. Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo ukiukuta umetoa jasho, unyunyizie unga kidogo ukande tena. Ukinuka au kuota ukungu, tupa. Mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni asipewe: chumvi ya kiasi hicho ni hatari akimeza mabonge, na unga mbichi si wa kuliwa. Mwenye mzio wa ngano pia asipewe. Mbwa naye asiufikie.

Sasa magoti na mgongo. Si kila babu anaweza kushuka sakafuni na kuinuka mara kumi, na wala si lazima. Kaa kwenye kiti kigumu, tanua miguu, mtoto asimame kama mita moja mbele yako, mviringishie mpira mwepesi wa ukubwa wa kichwa chake. Kudaka mpira wa hewani bado hawezi. Wa kuviringika anauweza. Unaweza pia kubandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni, mstari wa mita mbili autembee kama daraja, huku wewe umekaa pembeni unamhesabia hatua. Mito mitatu mikubwa iliyopangwa chini ni mlima wa kutosha, mbali na meza yenye kona kali.

Ukimwinua, kunja magoti, mlete kifuani kwanza ndipo usimame. Usimvute kwa mkono mmoja, na usimbembeze kwa kumshika viganja, hata akiomba. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano mfupa wa kiwikoni huchomoka kwa urahisi. Utaona mkono unaning'inia na hataki kuutumia. Usiunyooshe mwenyewe, mpeleke kwa daktari, ambaye mara nyingi huurudisha kwa muda mfupi.

Matembezi ya nje yaende kwa mwendo wake. Mita mia mbili zinaweza kuchukua nusu saa: jiwe, mdudu, jani, jiwe tena. Mpe mfuko wa kukusanyia majani. Geuzeni kurudi akiwa bado na nguvu, kwa sababu akichoka mbali na nyumbani, atakayembeba ni wewe.

Vitabu hufaa zaidi kabla ya kulala. Usisome kila neno. Onyesha picha, taja jina, kisha uliza na unyamaze, ukihesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kumjibia. Watu wazima hukimbilia kujibu, na mtoto ambaye neno lilikuwa njiani hunyamaza. Akitaka kitabu kile kile mara ya sita, kisome. Kitabu bora kwa nyumba ya babu na bibi ni cha kujitengenezea: picha nane za watu wa familia, sura zikiwa kubwa, zimebandikwa kwenye kadibodi nene na kufunikwa kwa selotepu pana inayopitisha mwanga. Toboa kona, funga kwa uzi mfupi. “Baba yuko wapi? Shangazi yuko wapi?” Ukimwonyesha picha hizo anapoondoka na kabla hajaja tena, kile kipindi cha kukukimbia hupungua.

Usingizi usiuvuruge kwa sababu mchezo umenoga. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linapendekeza saa 11 hadi 14 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, ukijumlisha usingizi wa mchana, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu na minne. Mwongozo huo huo hautaki televisheni wala simu kabisa kwa wa mwaka mmoja, na isizidi saa moja kwa siku kuanzia miaka miwili. Waulize wazazi saa yake ya kulala uifuate. Mtoto anayesugua macho, anayegeuza uso na kurusha vitu haombi mchezo mpya. Punguza mwanga, punguza maneno, mpakate.

Kuacha mchezo ndiko kunakozaa kilio. “Dakika tano zimebaki” haimwambii kitu, hajui dakika. Sema “mimina mara mbili zaidi, halafu tunavaa viatu,” hesabu naye hizo mbili, kisha mpe kazi ya kufanya: abebe sponji hadi jikoni, au afunge kopo.

Akiondoka, kausha sponji juani, la sivyo inaota ukungu, na weka kopo na vifuniko vyake mahali pamoja. Usimpe aende navyo. Vinapendwa zaidi vikibaki vya nyumba hii. Akirudi baada ya miezi mitatu au minne, vifuniko kumi huenda vikamchosha mapema. Hapo kata tundu la duara kando ya ile mianya miwili, na umwongezee mipira midogo ya kitambaa, isiyopenya kwenye kigogo cha karatasi ya chooni, ili aanze kuchagua kipi kinapita wapi.