Askari wa Mjomba

Desemba ya 1998 nilikuwa na miaka 14, skuli zimefungwa, na mtaani kwetu hakuna kijana aliyekuwa akinifunga sataranji. Mjomba alikuwa amerudi Mombasa kutoka melini na ubao wake wa safari, ule ambao kete huchomekwa kwenye vitundu ili chombo kikiyumba zisimwagike. Baada ya sala ya alasiri tukakaa barazani. Yeye akashika nyeupe.

Miendo mitatu ya kwanza niliijua: askari wa mfalme, farasi, kisha askofu wa kumkodolea macho askari anayelindwa na mfalme peke yake. Mwendo wa nne akasukuma askari hadi mraba wa b4, mdomoni mwa askofu wangu, halindwi na yeyote.

"Mjomba, hapo umekosea."

"Sikukosea. Kula."

Nikala. Akanitolea wa pili, nikala. Wa tatu naye nikamla. Yeye alikula mmoja tu, na kila nilipokuwa nikila, kete zake zilikuwa zikitoka: mfalme wake keshajificha pembeni nyuma ya ngome, malkia na askofu wananitazama, na mfalme wangu bado yuko palepale katikati. Nikamtoa farasi wangu f6. Farasi wake akarukia d5. Nikamla, askari akalipiza, na njia ya kumfikia mfalme wangu ikabaki wazi. Nilikaa kimya hadi kukaribia magharibi nikitafuta pa kumpeleka. Hapakuwapo. Nikamlaza, kukubali kwamba nimefungwa.

Mjomba hakusema lolote kuhusu tamaa yangu. Alinieleza kwamba mwanzo ule ulibuniwa miaka ya 1820 na nahodha wa meli kutoka Wales, William Davies Evans, na alilitamka neno "nahodha" kwa fahari, kama anayemtaja jamaa yake.

Nilipokuwa mtu mzima nikaukuta mchezo ambao Bobby Fischer, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alimfunga Reuben Fine huko New York mwaka 1963, kwa miendo 17. Nikaufuata polepole, na mwili ukanisisimka. Malkia e7, farasi f6: Fine, mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa zama zake, alikuwa amepita njia ileile niliyopita mimi barazani.

Nikampigia Mjomba simu usiku uleule. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na wale askari," akauliza, "aliwala wote watatu?"

"Wote, Mjomba."