Wamemfunika

Jana Jumapili, siku ambayo watawa wa kwao hurudishiwa simu, mtoto wa dada yangu aliye utawani alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu, nusu yake ng'ombe wanalia nyuma. "Shikamoo mama mdogo. Eti ni kweli bibi alikivuta kile kitambaa?"

Nilikuwa nachambua mchele. Nikausikiliza mara mbili, nikailaza simu kifudifudi.

Mlio kwenye grupu la maandalizi mnajua mambo yalipofikia. Kijana anaweka nadhiri za daima mwezi ujao, na kamati ina mwenyekiti, katibu na mhazini asiyelala. Kuna walioahidi na kuna waliolipa, na majina yanabandikwa kila jioni. Kuna sare. Kuna mshereheshaji. Wiki iliyopita walibishana saa nzima kuhusu keki, iwe na umbo la msalaba au la kitabu kilichofunguliwa. Mimi nilichangia, nikanyamaza.

Kumbe huko utawani kisa cha mama kimegeuka ngano. Manovisi, wale wanaoanza mafunzo ya utawa, wanasimuliana usiku kwamba zamani, katika nyumba moja ya watawa huku kusini, mama mmoja alikimbia hadi altareni, akamfunua mwanawe na kumkokota mpaka mlangoni. Kijana alipokisikia mara ya kwanza alicheka na wenzake. Hakujua kwamba anamcheka bibi yake.

Ujumbe wa sauti mimi siuwezi, nitaanza kulia. Basi mwanangu, soma hapa, Jumapili ijayo ukirudishiwa simu.

Ilikuwa Agosti 1996, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, siku kaka yangu, mjomba wako, alipoweka nadhiri zake za daima. Kahawa ilikuwa imeiva, na baba alipata sababu. Alisema kahawa haiwezi kuachwa mtini kwa ajili ya mtu ambaye hataila. Tuliokwenda ni mama, dada yangu (mama yako, wakati huo ana mimba yako bila kumwambia mtu), na mimi wa miaka kumi na saba, niliyepewa jogoo wa kupeleka kwenye matoleo. Tulipanda juu ya gunia za mahindi kwenye lori, vumbi la Mbinga likatupaka rangi moja sote, jogoo naye.

Kaka alikuwa mtoto wa kiume pekee. Umatengo, kwetu Wamatengo, unajua maana yake. Mashamba yetu ni ya ngoro, yale mashimo ya mteremkoni, na kazi ya kufyeka na kuyalaza majani ni ya wanaume. "Nani atalaza majani?" Hilo ndilo lilikuwa swali la baba kwa miaka sita, tangu kaka alipoondoka mwaka 1990. Hakuuliza habari za Mungu hata mara moja.

Nyumba aliyoingia kaka sitaitaja, wakubwa wake wanasoma kila kitu. Ila ujue kwamba nyakati zile jambo lenyewe lilikuwa bado bichi. Peramiho, monasteri ya Wabenediktini, watawa wa Mtakatifu Benedikto, iko pale tangu 1898, lakini kwa miaka mingi ilikuwa nyumba ya watawa wa Kizungu. Mwafrika aliyetaka kuwa Mbenediktini alielekezwa monasteri ya Hanga, iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa ajili yake. Miaka ya 1980 ndipo milango ya upande ule nayo ilipofunguliwa kwa vijana wetu. Kwa hiyo siku ile kanisani upande mmoja waliketi wazee wa Kijerumani wenye fimbo na vifaa vya kusikilizia masikioni, upande wa pili vijana wa Kingoni, Kimatengo, Kimakua, Kibena. Katikati hapakuwa na mtu wa miaka arobaini. Wazazi wetu pia walikuwa wageni wa mambo haya. Wengi wetu tulijua upadrisho, tulijua ndoa. Nadhiri za mmonaki hatukuwahi kuziona, na hakuna aliyetueleza.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kila mmoja wa wale wanne walioweka nadhiri alisoma hati yake aliyoiandika kwa mkono wake, akaitia sahihi juu ya altare. Kisha wakafungua mikono wakaimba, "Unipokee, Ee Bwana, kadiri ya neno lako, nami nitaishi." Huimbwa mara tatu, kila mara sauti ikipanda ngazi moja. Kaka hajui kuimba. Mara ya tatu sauti ilimkatikia pale pale kwenye "nitaishi", na dada akanifinya paja kwa kuzuia kicheko.

Halafu wakalala kifudifudi sakafuni. Mabruda wakaja na vitambaa vyeusi vyenye msalaba mweupe, vile vile vya kufunikia jeneza, wakamtandikia kila mmoja chake, kuanzia kichwani. Kengele ikaanza kugonga. Siyo ile ya furaha. Ilikuwa ile ya moja, kimya, moja, kimya, ambayo kila mtu aliyekulia karibu na misheni anajua inamwambia nini.

Mama alisema polepole, kama mtu anayesoma kibao barabarani, "Wamemfunika."

Nikamwangalia. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini.

"Wamemfunika mwanangu."

Akasimama. Akavua kitenge alichojitanda mabegani, akakikunja kwa urefu, akajifunga kiunoni, fundo moja, la pili. Sijui kama umewahi kumwona bibi yako akijifunga hivyo. Alikuwa akifanya hivyo anapoingia kwenye uwanja wa msiba, hatua chache kabla ya kufika penye watu, na akishafunga anakuwa mtu mwingine. Nilijua kinachofuata. Nilimshika mkono, na jogoo akanitoka.

Alilia kwa Kimatengo, na alimlilia kwa jina la nyumbani, jina la babu, si lile walilompa utawani. Alimtajia mto aliovushwa akiwa mgonjwa wa surua mgongoni mwake, akamtajia sufuria aliyoitoboa. Sista mmoja aliyeketi nyuma yetu akaja mbio, akamshika bega. "Mama, usilie, hii ni ishara tu."

"Ishara ya nini?"

Sista akasita. "Ya kufa, mama. Anakufa kwa mambo ya ulimwengu."

"Basi niache nimlilie."

Sista hakuwa na jibu. Mpaka leo nimelitafuta hilo jibu, nikiwa mkristo wa kawaida mwenye katekisimu ya kawaida, sijalipata. Huwezi kumfunika mtu kitambaa cha maiti, ukampigia kengele ya maiti, kisha ukamwambia mama yake asilie.

Upande wa pili wa kanisa mama mwingine akaitikia. Halafu wa tatu. Hawakuwa wanafahamiana, na mmoja alikuwa analia Kimakua, lakini kilio kina mahali pake pa kuingilia na wote walipajua. Litania ya Watakatifu ilikuwa inaendelea juu yake, mwimbishaji hakunyamaza, na kwa dakika kadhaa mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, watakatifu wakitajwa mmoja mmoja na wanawake wakijibu kwa njia yao. Wazee wa Kijerumani walikuwa wametazama chini. Jogoo alikuwa amesimama karibu na ambo, mimbari ya kusomea masomo.

Sasa kitambaa. Mama alitoka kwenye benchi, akatembea katikati ya kanisa. Hakukimbia. Hakuna aliyemzuia, nadhani kila mmoja alidhani mwingine atamzuia. Alipofika alisimama miguuni mwa kaka. Kaka ni mrefu, nawe unamjua, na kitambaa kilikatwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa nje mpaka kwenye kifundo. Soli yake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa bluu, nami nililiona lile shono kutoka nilipokuwa.

Mama akapiga magoti. Akakishika kitambaa kwa vidole viwili, akakivuta chini mpaka kikafunika kiatu. Akakinyoosha. Akapigapiga pembeni kwa kiganja, kama anavyofanya shuka la mtoto. Kisha akarudi mahali pake akakaa, akanyamaza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ndiyo, alikivuta.

Dada yangu ana maelezo yake. Anasema mama alipokwenda alikusudia kumfunua, na kile kiatu ndicho kilichombadilisha. Mama mwenyewe nimemuuliza mara mbili katika miaka yote hii. Mara ya kwanza alisema, "Mguu ulikuwa nje." Mara ya pili alisema nimletee chumvi.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Ulipofika wakati, shemasi akaimba, "Amka, wewe usinziaye, ufufuke katika wafu," vitambaa vikaondolewa, vigelegele vikapasua paa. Mama hakupiga. Tulikula wali na nyama ya ng'ombe wao. Baada ya chakula bruda mmoja mzee sana, fundi wa mashine, alikuja akaketi karibu na mama na kikombe chake. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, cha amri amri. Alisema, "Mimi, mama yangu, siku ile, kanisani kimya. Kwetu hakuna kulia kanisani. Alilia jikoni. Dada aliniandikia barua, mimi nilikuwa tayari huku." Akanywa chai yake yote bila kuongeza neno. Mama akammenyea chungwa.

Kabla ya kuondoka mama aliomba apewe nguo za kaka, zile alizoingia nazo: suruali ya kahawia na shati la mistari. Nadhani unaelewa kwa nini aliziomba. Bruda wa stoo akasema haiwezekani, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 58, inaagiza zitunzwe, ili siku moja mtu akishawishika kuondoka, avuliwe za monasteri na kurudishiwa zake. Mama akafikiri. "Kwa hiyo mlango haujafungwa?" Bruda, ambaye nadhani alikuwa mkweli kuliko alivyotakiwa kuwa, akasema haujafungwa, ila ile hati aliyoiandika harudishiwi.

Tulifika nyumbani usiku wa siku ya pili. Baba alikuwa anapindua kahawa kwenye kichanja. Mama alimsimulia yote, na kitambaa, na kengele. Baba aliuliza kitu kimoja tu: "Ulilia vya kutosha?" Mama akasema ndiyo. Kisha akamweleza habari za suruali na shati. Baba alifariki mwaka 2011, na miaka yote ile, kila lori lilipopungua mwendo pale kwenye kona ya kwetu, aliinua kichwa.

Kaka yuko. Nguo zile nadhani panya walishamaliza shauri lake. Leo ana karakana, mashine za Kijerumani zenye umri kumpita yeye, na vipuri ambavyo hakuna wa kumwandikia barua kuviomba, maana wale wazee walipokufa, ndugu na marafiki zao waliokuwa wakituma msaada nao walizeeka na kufa. Vijana wanaingia wengi, anasema, tatizo si vijana. Wanakuja na diploma, wanajua Kompyuta na Kilatini hawataki, na wanauliza swali ambalo kizazi cha kaka hakikuthubutu kuliuliza, yaani pesa ya nyumba inatoka wapi. "Masista wa Chipole wana mtambo wa Tulila, wanawauzia TANESCO umeme," aliniambia mwaka jana. "Sisi tunauza maziwa na meza." Alisema kwa wivu wa kitawa, ule wa kutabasamu.

Aliniambia pia kwamba ziko nyumba zinazojadili kukiacha kitambaa. Wengine wanasema kinatisha wageni, wengine kwamba hakipendezi kwenye video. Nilimuuliza yeye anaonaje. Alisema siku ile chini yake kulikuwa na joto na harufu ya nondo, alisikia jina lake la nyumbani kwa mara ya mwisho kanisani, halafu akasikia mtu anamfunika mguu. Nikangoja aendelee. Akaanza kunieleza bei ya mbao.

Kwenu wamekiacha au bado? Hukusema.

Nauliza kwa sababu ya bibi yako. Juzi nilimpelekea kitambaa cha sare, kile cha njano kilichopitishwa na kamati. Alikuwa barazani anabangua maharage. Akakipapasa, akajaribu kukifunga kiunoni, kikateleza.

"Hiki hakishiki fundo," akasema. Akakirudisha kwenye mfuko. Akaendelea na maharage yake, kisha bila kuniangalia akauliza:

"Huyu mtoto siku hizi ana urefu gani?"

Nikamwambia umempita mjomba wako.