Maji ya mgeni

Jana jioni mpira wa maji ulikuwa unavuja uani, na ndama wa jirani akapenyeza kichwa kwenye uzio wa masale, akaanza kunyonya matone. Nikabaki namtazama. Binti yangu akauliza, "Mama, mbona hufungi bomba? Maji yenyewe haya ya mgao."

Sikumjibu. Nilikuwa namwona mwingine.

Ile miaka ya mashuani, tulifunga gatini kwenye Indian River, Florida. Wanauita mto, lakini maji yake ni ya chumvi. Kupika, kulala, kuanika nguo, yote ndani ya mita 10. Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza kuosha sitaha, mpira nimeuacha ukining'inia ubavuni, unadondosha. Nikasikia pumzi. Pumzi nzito, ndefu, kama ya ng'ombe aliyelala zizini usiku. Nikainama.

Matundu mawili ya pua yalifunguka juu ya maji, yakajifunga. Kisha ukatokea uso wa kijivu, mnene, wenye sharubu ngumu kama njiti za ufagio. Nguva. Alikuwa na urefu wa karibu mita 3. Akageuka chali taratibu, akaukumbatia mpira kwa vikono vyake viwili, akautia mdomoni, akanywa. Kwenye ncha za vikono niliona kucha, kucha kabisa, kama za tembo. Na kweli tembo ni ndugu yake, hata pelele hawa wanaolia usiku msituni Kilimanjaro.

Nikafungua bomba zaidi. Nimelelewa Kibosho: mtu akifika mlangoni na kiu, humuulizi ametoka wapi.

Alikunywa muda mrefu. Alipojigeuza nikauona mgongo: makovu meupe yamepangana kama mistari ya daftari. Pangaboi za boti. Watafiti huwatambua nguva kwa makovu hayo, kila mmoja na yake.

Mzee wa mashua ya tatu kutoka yetu akaja mbio, akanifungia bomba. Hakunikaripia. Akanieleza kwamba sheria inakataza kuwapa maji, na sababu yake: nguva akizoea kunyweshwa gatini, ataifuata kila boti, na boti ndizo zinazomkata. Huyu uliyempa wewe, akasema, kesho atamwendea mwenye injini.

Mnyama akabaki palepale, anaugusagusa mpira mkavu kwa midomo. Kisha akazama. Sikumwona tena.

Mwaka 2021, niliposoma kwamba nguva zaidi ya 1,100 wamekufa Florida, wengi kwa njaa kulekule Indian River baada ya majani ya chini ya maji kupotea, nilikuwa nautafuta mgongo ule katika kila picha. Hadi leo sijui kama asubuhi ile nilimpa maji au nilimwonyesha njia ya pangaboi.

"Mama! Bomba!"

Nikamwambia asubiri kidogo, ndama amalize.