Mradi wa mende Kitangiri: nilipofikia toka vuli mpaka masika

Naandika nilipofikia na huu mradi wa kumaliza mende nyumbani kwangu maana tayari ni miezi saba, nilianza Oktoba mvua za vuli zilipofungua na saivi tuko katikati ya masika, kwahiyo daftari langu lina misimu miwili ya mvua na kale kakiangazi ka katikati. Nyumba iko Kitangiri, Mwanza, mlimani kidogo, ukuta wa nyuma umeegemea jiwe kubwa kama zilivyo nyumba nyingi huku, na ukikaa barazani unaliona ziwa. Joto lipo, unyevu upo, mvua ikipiga siku tatu mfululizo hata nguo kabatini zinanuka ukungu.

Zamani nilikua nafanya kama wengi tu. Yule jamaa wa spika akipita "dawa ya mende, kunguni, panya" nanunua, napuliza usiku, asubuhi tunafagia. Mwezi wa tisa nikaona bora nilipie wapulizaji kabisa, wakapuliza nyumba nzima, tukalala kwa shemeji siku mbili, tukarudi tukakuta kweupe. Wiki tatu mbele mke wangu anavuta droo ya vijiko, vinatawanyika vidudu vidogo kama ufuta, vyeusi, vingi mno. Hakupiga kelele, aliniita tu kwa sauti ya chini, "baba, njoo uone." Ile siku iliniuma kwakweli, kwasababu ni droo ambayo watoto wanachukulia vijiko vya uji.

Nikakaa kusoma. Wale mende wadogo wa kahawia wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, jike anabeba kifuko chenye mayai 30 mpaka 40, anatembea nacho huku nyuma mpaka yanakaribia kutotolewa, na gamba la kile kifuko linayakinga mayai na dawa. Yani unaua mama, mayai yanabaki. Na kwa joto kama letu toka yai mpaka mende mzima ni kama miezi miwili au mitatu, kwahiyo kama hujakaza zaidi ya hapo hujafanya kitu.

Oktoba, kuhesabu. Nilichukua gundi ya panya nikaipaka kwenye vipande vya kadibodi ukubwa wa kiganja, sita, nikavipa namba kwa makapeni: chini ya sinki, nyuma ya friji, kabati la vyombo, stoo, bafuni, sebuleni nyuma ya tivii. Kila Jumapili nahesabu naandika. Wiki ya kwanza: stoo 58, friji 41, sinki 19, kabati 12, bafuni 3, sebuleni hamna. Mimi nilikua na uhakika adui yuko sinki, kumbe siyo.

Stoo ndo mke wangu anaweka dagaa, anachukua soko la Mwaloni pale Kirumba anauza mtaani kwetu, na mzigo mwingine unakuja kwenye maboksi yaliyotumika. Nilichukua boksi moja nikalichana taratibu kwa kisu nikiwa nje. Mle ndani kati ya karatasi mbili kuna yale mawimbi ya karatasi, na kila kamfereji kana mende kaingia kinyumenyume, zinaonekana ndevu tu zinacheza. Pembeni kuna vifuko vya mayai vimeachwa kama punje za maharage madogo. Niliacha kuchana nikalichoma lote. Yani tulikua tunapulizia ndani huku kila wiki tunaleta wengine kwa bodaboda.

Toka hapo boksi halivuki mlango wa nyumba yangu. Dagaa wanahamia kwenye ndoo za lita 20 zenye mfuniko, gunia linatandazwa juu ya lile jiwe letu saa sita mchana mpaka saa tisa, na saa saba jiwe ni la moto huwezi kukanyaga peku, linapigwa na kugeuzwa ndo linaingia.

Novemba, chambo. Asidi ya boriki ya unga kijiko kimoja, sukari ya kusaga vitatu, unga wa ngano vitatu, maziwa kidogo, nakanda navifanya vidonge vya ukubwa wa punje ya mahindi, naviweka ndani ya vizibo vya soda sehemu ambazo mkono wa mtoto haufiki, nyuma ya friji, juu ya makabati. Mwanzo niliweka asidi nyingi wakawa hawagusi, nikapunguza wakala. Haiui papo hapo, inachukua siku kadhaa, na mende wakila mizoga ya wenzao nao wanaweza kuipata. Katikati ya mwezi binti anayetusaidia kazi aliona mmoja akapuliza dawa ya kopo pale pale kwenye chambo, wiki mbili nzima hakuna aliyekuja kula, ikabidi nifute na sabuni nianze upya. Mwisho wa Desemba stoo ilikua 6.

Bafuni ni kesi nyingine. Wale watatu walikua wakubwa wekundu, wale wanaoruka, hao makazi yao ni chemba na wanapanda juu mvua ikijaza. Chambo cha jikoni hakiwahusu. Mfuniko wa chemba ulikua na ufa, nikauziba kwa saruji, kwenye tundu la maji bafuni nikaweka wavu wa chuma, toka Januari ni sifuri.

Halafu hili nililiona kwenye daftari tu. Namba za mlangoni (niliongeza mtego wa saba) zilikua zinapanda kila baada ya wale vijidudu vya ziwani kutoka, wale unaowaona kwa mbali kama moshi umesimama juu ya maji. Hawaumi, lakini wanajaa kwenye taa ya nje, wanakufa wanalundikana hapo chini, asubuhi sisimizi, mijusi, buibui, usiku wake mende. Mzee jirani aliniambia, "angalia mwezi mwanangu, ukifa ndo wanatoka wengi." Nikasoma nikakuta watafiti wa Ziwa Victoria walishaandika hivyo hivyo tangu zamani, kuna aina yao inatoka siku za mwezi mchanga. Saivi nimezungushia duara tarehe hizo kwenye kalenda, usiku huo taa nyeupe ya nje haiwashwi, nimeweka balbu ya njano upande wa geti, na alfajiri mimi mwenyewe nafagia kabla jua halijatoka. Mlangoni tumetoka 22 mpaka 4 au 5.

Jumapili iliyopita: stoo 1, sinki 0, kabati 0, friji 9. Hiyo 9 imegoma wiki tano. Jana nilichomoa friji ukutani nikafungua kile kibati cha nyuma kwenye mota, kuna joto zuri, kuna ile trei ya maji yanayodondoka, na kwenye sponji la kuzunguka waya kulikua na vifuko vitatu. Nimetoa sponji lote, trei nimeiosha, nimeacha vizibo viwili vya chambo humo humo ndani. Mtego mpya umewekwa jana jioni, nahesabu Jumapili.