Sado ya dagaa ilivyonisaidia kufundisha hesabu Kigoma

Huu mwaka wa sita nafundisha hesabu sekondari ya kata hapa Kigoma na watu huwa wananiuliza niliwezaje, maana mi mwenyewe fomu tuu nilipata F ya hesabu. Ni kweli nilipata. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kujumlisha, kutoa, kugawanya, vyote navijua, nafika fomu wani somo lile lile linakuja kwa Kiingereza, na kuuliza unaogopa maana ukikosea ubaoni darasa zima linacheka. Aliyenitoa hapo ni kaka mmoja jirani yetu kule Mwanga, alikuwa anasomea ualimu, jioni akikuta nimekosea hanipi jibu, anasema hebu nieleze umefikaje hapa. Fomu foo nikapata C, nikaenda diploma ya ualimu.

Sasa kuna darasa langu moja naandika 1/2 + 1/3, karibu wote wananipa 2/5. Juu kwa juu, chini kwa chini. Nikaelekeza kanuni, wakanakili vizuri tu, kesho yake 2/5 tena. Kulikuwa na binti mmoja mama yake anauza dagaa Kibirizi, jumamosi moja nimeenda kununua akanipigia hesabu ya vipimo vitatu vya bei tofauti kichwani na chenji juu, na mtoto huyo huyo kwenye jaribio langu alirudisha karatasi nyeupe. Iliniuma sana.

Jumatatu nikaingia darasani na sado, lile kopo la kupimia sokoni, na dagaa. Nikajaza nusu, nikauliza nikiongeza theluthi zinapanda au zinashuka? Zinapanda mwalimu! Haya, gawa sado mafungu matano uchukue mawili, inafika nusu? Kimya. Halafu yule binti akasema, "Haifiki mwalimu, sasa umeongezaje zikapungua, hapo mteja si atagoma?" Nikaweka alama sado ikawa sehemu sita sawa, nusu ni tatu, theluthi ni mbili, jumla tano, yaani 5/6, na hapo ndo wakaona ile sita inatoka wapi, kitu ambacho kanuni yangu haikuwaonyesha.

Toka siku hiyo kosa halifutwi haraka ubaoni, aliyeandika anaeleza alivyowaza na hakuna kucheka, hilo nalisimamia kweli kweli. Namba hasi nafundisha kwa deni: una 8,000 mkononi na unadaiwa 3,000, chako hasa ni 5,000, tajiri akikufutia deni una 8,000, kwa hiyo 5 − (−3) = 8.

Mwalimu mwenzangu aliwahi kuniambia nawaharibu kwa Kiswahili wakati mtihani ni wa Kiingereza. Ndio ni wa Kiingereza, ndo maana nyuma ya daftari kila mtu ana orodha ya maneno ya maswali na maana yake, lakini mtoto aelewe kwanza jambo lenyewe, maneno ya kulisemea tutayatafuta wote.

Yule binti sasa yuko fomu sri, fomu tuu alipata C. Maswali marefu ya maelezo bado yanamsumbua, tunakaa nayo jumanne na alhamisi baada ya vipindi, na siku hizi anakuja na wenzake wanne.