Sarafu Tatu Mbele ya Mtaalamu

Nilipompelekea mtaalamu wa sarafu zenye kasoro mzigo wangu mdogo, zilikuwa sarafu tatu za Marekani: nikeli ya senti tano iliyopungua ukingoni, robo dola yenye uso mmoja wa rangi ya shaba, na senti ya Lincoln ambayo tarakimu za mwaka zilionekana mbilimbili. Mzee yule hakuzitazama kwanza. Aliwasha mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, akaihakiki kwa jiwe lake la uzani, ndipo akaniambia nizitoe, nikishika kingo tu.

Alianza na robo. Tangu 1965 robo ya kawaida ina shaba katikati na tabaka mbili za nje za shaba iliyochanganywa na nikeli, jumla gramu 5.67. Kila tabaka la nje ni karibu sehemu ya sita ya uzito, hivyo likikosekana moja mizani hushuka hadi karibu 4.7. Yangu ilisoma 5.66, yaani hakuna tabaka lililokosekana; rangi tu ndiyo iliyobadilika.

"Hii imelala udongoni," akasema, akairudisha kifukoni.

Nikeli ndiyo iliyomshughulisha. Ilikuwa gramu 4.61 badala ya 5.00, lakini upungufu peke yake si ushahidi. Hata tupa hupunguza uzito. Aliilaza chini ya taa ya pembeni, akaizungusha polepole, kisha akanipa lenzi ya kukuza mara 10.

"Usiangalie pengo. Angalia mkabala nalo."

Mdomo wa sarafu, yaani ule ukingo ulioinuka kuizunguka, uliosimama vizuri kwingine kote, pale ulikuwa umefifia hadi karibu kuwa bapa. Kabla ya kugongwa, kipande cha sarafu hubingirishwa katika mashine inayokibana pande mbili ili mdomo uinuke. Pengo likifika upande mmoja, upande wa pili hukosa mbano, basi mdomo hauinuki. Anayekata sarafu iliyokwisha kugongwa huukuta mdomo umeshasimama, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Hakuishia hapo, kwa kuwa pengo dogo wakati mwingine haliachi alama hiyo. Alinionyesha neno TRUST: herufi za mwisho zilikuwa zimetanuka na kuvutika kuelekea pengo, maana chuma kikigongwa hukimbilia penye nafasi. Katika sarafu iliyokatwa baadaye, herufi huishia ghafla penye mkato. Na tao la pengo lilikuwa na mviringo wa kipande kizima, kwa sababu ukanda wa chuma haukusogea vya kutosha na kikatio kikauma tundu lililotangulia. Naipenda sana hatua hii ya kazi ya wataalamu hawa: kila alama inaulizwa ilizaliwa kwenye mashine gani, na isipokuwa na mashine ya kuizaa, huhesabiwa kuwa uharibifu.

Senti nayo ilipitia swali hilohilo. Uradidi wa kweli, yaani picha kuonekana mara mbili, huzaliwa unapotengenezwa muhuri, kile chombo kinachogonga picha juu ya sarafu. Zamani muhuri ulikandamizwa zaidi ya mara moja na muhuri mama, na usipolingana mara ya pili hubeba picha mbili. Hapo herufi hunenepa, picha zote mbili huwa na umbo kamili, na ncha za herufi hupasuka kama mkia wa mbayuwayu. Senti maarufu ya 1955 ni hivyo: mwaka, LIBERTY na kaulimbiu juu ya kichwa huonekana mara mbili bila lenzi, ilhali mgongo hauna uradidi. Kwa kuwa imeghushiwa sana, wataalamu hutafuta pia mikwaruzo hafifu ya muhuri upande wa kushoto wa herufi T katika neno CENT, mgongoni.

Yangu ilikuwa na ngazi bapa, ya chini, inayong'aa, na tarakimu zenyewe zilikuwa zimekonda. Muhuri uliolegea ulisogea mara tu baada ya kugonga, ukaparuza chuma kilichokwisha kuinuka. Hutokea mno, na haiongezi thamani.

Nikeli pekee ndiyo aliyoona inafaa kupelekwa kuthibitishwa. Alikataa isafishwe hata kwa maji ya sabuni, akaitoa kwenye kifuko changu cha plastiki ya PVC, ambacho huacha utando wa kijani juu ya chuma, akaitia katika cha plastiki ya Mylar, isiyo na PVC. Kwenye fomu ya kuombea uthibitisho akaniandikisha aina ya kasoro, uzito, na mahali mdomo ulipofifia, pamoja na picha za pande zote mbili na ya ukingo.