Breki za kushukia Ngomo

Mwaka 2016, katikati ya msimu wa mvua, yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, alikataa kumrudia fundi. Toyota yake ilikuwa inalia mbele kila akikanyaga breki, akaipeleka garaji, fundi akaweka plaketi mpya, vile vibao vya breki vinavyobana diski, akapokea dola zake na kusema mambo yamekwisha. Kelele zilikwisha kweli. Ila haukupita muda gari likaanza kutetemeka. Ukishuka kutoka Kadutu, mtaa wa hapa kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukigusa breki tu, usukani unacheza mikononi na pedali inausukuma mguu wako juu, chini, juu, chini. Fundi akasema ni matairi. Yaya akamtazama, akachukua ufunguo wake, akaondoka bila kuaga, na kwa kawaida yeye ni mtu wa kuaga.

Haraka ilikuwepo. Binamu yetu alikuwa anaoa Uvira, na Yaya ndiye aliyepewa jukumu la kuwafikisha mama na mashangazi zetu. Ukitoka Bukavu kwenda Uvira bila kuvukia Rwanda, lazima upite Ngomo. Anayeijua Ngomo hahitaji maelezo. Asiyeijua, basi: ni barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, huku mwamba, huku shimo, kona inazaa kona, mpaka unajikuta Kamanyola kwenye joto la bonde la Ruzizi na masikio yameziba. Marehemu baba aliendesha malori njia hiyo. Kwake mteremko ulishukwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia, injini ndiyo inayozuia gari, breki inakuja kusaidia tu. Dereva aliyeshuka mguu ukiwa juu ya pedali muda wote, baba alikataa hata kupanda naye.

Yaya anafundisha kemia na fizikia kwenye shule ya sekondari. Ijumaa alirudi nyumbani na kipimo cha maabara, ile pie-a-kulisi ya chuma inayobana kitu na kukuambia unene wake hadi sehemu ya milimita. Alikuwa ameiandikia karatasi kwa mkuu wa masomo, sababu ya kuazima: "majaribio". Jioni ile ile tulifungua gurudumu moja kabla giza halijaingia, ili kuona tu.

Diski ni ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na plaketi. Ukipitisha kidole kwenye uso wake kutoka katikati kwenda nje, unatakiwa uende sawa mpaka mwisho. Kidole changu kilikwama kwenye ukingo uliosimama kama mdomo wa sufuria. Pale plaketi zinapopita chuma kilikuwa kimeliwa, pembeni kilibaki kama kilivyotoka kiwandani. Yaya alipima ndani ya ukingo, sehemu kadhaa kuzunguka diski, kila namba akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Hazikufanana. Halafu akasugua kutu kwenye kingo ya diski mpaka maandishi yakatokea: unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, milimita 20. Sisi tulikuwa tumeshuka chini ya hapo.

"Aliweka plaketi mupya juu ya disiki yenye ilishaka kufa," akasema. Hakupandisha sauti. Ningependelea apandishe.

Asubuhi tulikuwa soko la Kadutu. Huko vipuri vya magari ya Japani viko kila mahali, kwa sababu mengi ya magari yetu ni ya mitumba kutoka huko, yameingia kwa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, usukani bado uko kulia ilhali sisi tunaendesha kulia. Hakuna duka la kampuni la kukutolea namba ya kipuri. Unabeba kilichochakaa, unalinganisha. Yaya alibeba plaketi ya zamani kwenye mfuko wa plastiki, na vipimo vya diski kwenye daftari: upana, kimo, tundu la katikati, idadi ya matundu ya bolti.

Muuzaji mmoja akatoa boksi jipya kabisa, linang'aa. "Mama, hii ni ya Japon, haiko ya Chine."

"Siko nauliza inchi yenye ilitokea. Niko nauliza unene."

Akafungua boksi, Yaya akabana diski kwa kipimo chake. Haikufika. Kwa muuzaji wa pili diski zilikuwa zimefungwa kwa gazeti, zimepakwa mafuta mazito, na zilitoa milimita 22 kila mahali alipozipima. Alinunua mbili. Muuzaji alishangaa kwamba hataki moja tu, maana wengi huwa wananunua ile iliyoharibika zaidi. Diski za mbele zinabadilishwa zote mbili, na plaketi za pande zote mbili. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine, gari linavuta, na kule Ngomo sitaki kujua linavutia upande upi.

Parseli yetu, kiwanja chetu cha nyumba, iko Panzi, na kama parseli nyingi za Bukavu, sehemu iliyo sawa ni ile iliyojengwa nyumba. Tuliweka gari mahali ambapo mvulana wa jirani aliweka chupa ya maji akaona haibingiriki haraka. Mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, breki ya mkono juu, nati za gurudumu zikalegezwa gari likiwa bado chini, kisha kriki, yaani jeki. Chini ya chesi tuliweka magogo mawili ya mkaratusi, na gurudumu tulilotoa tukalisukumia humo humo chini. Yaya hataki mtu aingize hata kiatu chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake.

Watu walikuwa wameshakusanyika. Mwanamke mwenye kikwembe juu ya suruali, mikono myeusi, anafungua gari lake mwenyewe, na siku yenyewe ni Jumamosi: ungedhani kuna msiba. Mzee jirani, mwenye gari la RAV4, alileta kiti.

Etriye, ile sehemu inayozibana plaketi kwenye diski, ilitoka bila shida. Yaya aliining'iniza kwenye springi kwa waya, maana ukiiacha ining'inie kwa mpira wake wa mafuta unauchana kwa ndani na hutaona kitu. Tatizo lilikuwa diski. Kutu iliyokuwa kati yake na habu, kitovu cha gurudumu, ilikuwa imevigandisha vikawa kitu kimoja.

"Mwalimu, piga nyundo, itatoka," mzee akasema.

"Muzee, nikipiga na nguvu, kesho ruloma njo italia." Ruloma ni beringi ya gurudumu.

Kwenye uso wa diski kulikuwa na matundu mawili madogo yenye hesi. Mimi niliyaona tangu jana nikadhani ni ya kupunguzia uzito. Yaya akayasafisha kwa msumari, akatoa mfukoni bolti mbili za milimita 8 alizozinunua kwa muuza vyuma kwa bei ya maandazi, akazikaza humo. Bolti haina mahali pa kwenda ila kusukuma habu iliyo nyuma, na habu haisogei, kwa hiyo diski ndiyo inayotoka. Robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, asiikaze moja kuliko nyingine. Hakuna kilichotokea. Akaongeza. Chuma kikaanza kulalamika kwa sauti nyembamba, mzee akasogeza kiti chake nyuma. Halafu: pa! Kuku wakatawanyika, unga wa kutu ukamwagika juu ya miguu yake, na diski ikakaa imelegea kwenye bolti za gurudumu kana kwamba haikuwahi kugoma.

Nilidhani sasa kazi imekwisha, tunafunga. Yaya akanipa brashi ya waya na msasa, akanionyesha habu. Nilisugua mpaka bega likauma, akaja akapitisha kidole, akanirudishia brashi. Punje moja ya kutu ikibaki hapo nyuma, diski mpya inakaa imeinama kidogo sana, jicho halioni, lakini ikizunguka inayumba, plaketi zinaila upande mmoja, na baada ya miezi mtetemo unarudi. Watu wanalaumu diski. Ninavyoona mimi, hiyo saa ya kusugua ndiyo iliyotengeneza gari. Vingine vyote ni kufungua na kufunga.

Diski mpya zina mafuta ya kuzizuia zisipate kutu melini. Mvulana wa jirani akakimbia kuleta mazutu, yaani dizeli, ya kuzioshea. Yaya akamrudisha: mazutu yanaacha utelezi wake. Alitumia maji ya moto na sabuni ya vyombo, akafuta kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikabaki cheupe, akazikausha kando ya mbabula, jiko la makaa, kabla kutu mpya haijapata wazo.

Pistoni ya etriye, ile inayosukuma plaketi, tuliirudisha ndani kwa jiliwa ya seremala wa chini, polepole, baada ya kunyonya mafuta ya breki kidogo kutoka kwenye chupa yake kwa sirinji ili yasifurike. Yalitoka meusi kama chai iliyolala. Yaya akayainua kwenye mwanga na hapo mwalimu akaamka. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji inaweza kuchemka kwenye 140. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanika, unakanyaga pedali inaenda chini kama unakanyaga godoro. Mzee akauliza ni mteremko upi unaofikisha joto hilo. Yaya akaelekeza kidole kusini.

Kwa hiyo tulibadilisha na mafuta. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kukaa: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" mpaka yaliyotoka kwenye mrija yakawa safi, hayana povu. Upande wa pili ulienda haraka, bolti zile mbili zikijua kazi. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ilipigwa mara nyingi hadi ikawa ngumu, maana pistoni zilizorudishwa ndani haziko karibu na plaketi, na kanyago la kwanza lisingekamata kitu.

Jumapili alfajiri, avenue Patrice Lumumba ikiwa bado haina motari wengi wa pikipiki, Yaya alizizoesha diski na plaketi mpya: kutoka kilomita 50 kwa saa mpaka 10, kwa upole, bila kusimama kabisa, kisha kuziacha zipoe njiani, kisha tena. Usukani ulitulia kabisa. Aliuachia mikono kidogo ili nione, kisha akaushika haraka kwa sababu ya mbuzi.

Ngomo tuliishuka kwa gia ya pili. Shangazi mkubwa alisali rozari hadi karibu nusu ya mteremko, akaikatisha kulalamika kwamba kwa mwendo huu tutawakuta wameshakula. Kamanyola Yaya alisimama, akasogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa, akanusa, akaenda upande wa pili akanusa tena. Joto lilikuwepo, harufu hakuna.

Tuliporudi, mzee wa RAV4 alikuwa anatungoja getini na plaketi mpya ndani ya boksi. Yaya alimuuliza kama amepima diski. Akasema hapana, hizo bado zinang'aa. Yaya akaenda kuchukua kipimo, ambacho shule ilikuwa bado haijakidai.